Kuhama Chuo Kikuu kwa Ajili ya Jina: Nini Hukumu Yake, na Familia Ipime Nini?

Sifa zote njema Anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, Swahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema.

Ama baad. Kila unapokaribia mwaka mpya wa masomo hutufikia maswali ya wazazi ambao watoto wao wameshaingia chuo kikuu na sasa wanataka kuhamia chuo kingine chenye jina zaidi. Tumechagua swali moja, kwa kuwa limekusanya mambo ambayo wengine huyauliza kipande kipande. Tumeondoa kila kinachoweza kumtambulisha muulizaji.

SWALI

Mimi ni mama mjane, nipo Pemba. Mwanangu amemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu wa sayansi katika chuo kimoja hapa visiwani. Ada analipiwa na mjomba wake aliyeko Muscat. Mimi namtafutia ya kula na nauli kwa karafuu na ushoni. Sasa anataka kuhamia chuo kikubwa Dar es Salaam akasome shahada ile ile, anasema cheti cha huku hakina uzito na wenzake wanamcheka. Mjomba wake hajaambiwa. Kuna rafiki yake anamshauri aombe upya kama mwanafunzi mpya na afiche kuwa alishasoma. Mdogo wake wa kike amemaliza Kidato cha Sita na yeye anangojea chuo. Je, nikimkatalia nitakuwa nimemzuilia elimu? Na akienda bila ya ridhaa yangu, anapata dhambi?

JIBU KWA UFUPI

Dada yetu, Allah Akulipe kheri kwa subira yako ya kuwalea mayatima. Kuhama chuo kwa asili yake ni jambo la mubaha, yaani linaruhusiwa: si wajibu na si haramu. Hukumu yake hubadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni nia na manufaa ya kweli yanayotafutwa. La pili ni haki za watu zinazoguswa na huko kuhama: haki ya mwenye kulipa ada, haki ya mzazi, haki ya ndugu, na haki ya ukweli katika karatasi za maombi. Kumtaka mwanao asubiri mpaka haki hizi zitazamwe si kumzuilia elimu. Kuficha kuwa alishasoma hakujuzu. Yafuatayo ni maelezo.

KUSAFIRI KWA AJILI YA ELIMU

Hakuna ubaya mtu kuacha mahali alipo na kufuata elimu pengine. Ummah huu umejengwa na watu waliosafiri kwa ajili yake. Imepokewa kuwa Swahaba Jabir bin Abdillah, Allah Amridhie, alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja tu iliyokuwa kwa Abdullah bin Unays.

Na sisi wa visiwa hivi, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, tuna mfano ulio karibu zaidi. Imam alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akafiwa na baba angali mdogo, na mama yake, ambaye hakuwa na mali, akamchukua kwenda Makka. Huko alisoma. Kisha akahamia Madina kwa Imam Malik, akenda baadaye Iraq na kusoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, na mwisho akahamia Misri alikofariki mwaka 204 Hijria. Kwa hiyo kijana wa mama mjane anayetaka kuhama ili asome zaidi hajaleta jambo geni.

Lakini tuangalie Imam alihama vipi. Kabla ya kwenda kwa Imam Malik alikuwa ameshahifadhi kitabu chake, Al-Muwatta. Alijua anakwenda kwa nani, kuchukua nini, na alikwenda akiwa amejitayarisha. Hakuikimbia Makka kwa kuiona duni. Aliimaliza elimu aliyoipata pale, kisha akafuata ile ambayo pale hakuipata.

Hilo ndilo swali la mwanzo la kumuuliza kijana wetu: huko unakotaka kwenda kuna nini ambacho hapa hukipati? Akijibu kwa kutaja somo, maabara, mwalimu au mafunzo ya vitendo, hilo ni jibu la mtafuta elimu, na wazazi walisikilize. Akijibu kuwa wenzake wanamcheka, basi aambiwe kwa upole kwamba hilo si sababu ya kuhama. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na amemuonya vikali mwenye kutafuta elimu ili ajifakharishe kwayo mbele ya watu.

Wala hatusemi kwamba kutafuta kazi nzuri kunaharibu nia. Kijana anayesoma ili apate rizki ya halali, amtunze mama yake na amsomeshe mdogo wake, yumo katika ibada akikusudia hivyo.

JINA LA CHUO LINATOKA WAPI, NA LINAFANYA NINI?

Tuwe waadilifu. Vijana hawasemi uongo wanaposema baadhi ya waajiri huangalia jina la chuo. Ila familia ijue jina hilo linatoka wapi.

Sehemu kubwa yake ni umri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Vyuo vikuu vya visiwani ni vichanga kwa kulinganisha. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu na kile cha Chukwani, ambacho leo kinaitwa Abdulrahman Al-Sumait, vilianza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Chuo kilichotoa wahitimu kwa zaidi ya nusu karne kina watu wake katika kila ofisi, na watu hao hukisema vizuri chuo chao. Huo ni uzito wa kweli, lakini hautuambii kama mwalimu wa kemia wa huku anafundisha vibaya kuliko wa kule.

La pili ni ithibati. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo chuo cha Tunguu na chuo cha Dar es Salaam vyote vinasimamiwa na Tume moja ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Shahada ya chuo chenye ithibati ni shahada inayotambuliwa popote nchini, ikiwa imetolewa huku au kule. Basi kauli kwamba cheti cha huku hakina uzito, ikichukuliwa ilivyo, si sahihi.

La tatu, yapo mambo ambayo jina kubwa huja nayo kweli: maktaba pana zaidi, maabara zenye vifaa zaidi, na fani ambazo visiwani hazisomeshwi. Anayetaka udaktari wa mifugo, kwa mfano, atatazama Chuo Kikuu cha Sokoine kilichopo Morogoro, na hapo kuvuka bahari kuna sababu iliyo wazi. Hali ya kijana anayehama kufuata fani ambayo kwao haipo si sawa na ya yule anayehama kufuata shahada ile ile aliyo nayo mkononi. Wa mwanzo anakwenda kuchukua asichokuwa nacho. Wa pili lazima ahesabu atakachopoteza njiani.

NAMNA UHAMISHO UNAVYOKWENDA

Wazazi wengi hudhani kuhama chuo ni kama kuhamisha mtoto skuli: unachukua barua, unapeleka, mtoto anaendelea darasa lile lile. Chuo kikuu sivyo.

Masomo ya shahada huhesabiwa kwa krediti. Shahada ya miaka mitatu huwa na krediti zisizopungua 360, kiasi cha 120 kwa mwaka, na kila krediti moja inakadiriwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Mwanafunzi anapohama, chuo kinachompokea hutazama somo moja moja alilofaulu na kulilinganisha na masomo yake. Linalolingana hulikubali, lisilolingana hulikataa, na mwanafunzi hulisoma la kwao.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kijana ana krediti 120 za mwaka wa kwanza. Chuo kipya kikakubali 70. Zilizobaki 50 ni sawa na saa 500 za kazi aliyokwisha kuifanya na kuilipia, na sasa ataifanya tena. Pengine atalazimika kurudi mwaka wa kwanza. Kwa mama anayeuza karafuu, mwaka mmoja wa ziada ni mwaka mzima wa chakula, chumba na nauli za boti.

Kuna na mambo mengine. Chuo kinachopokea hutazama tena matokeo ya Kidato cha Sita, kwa hiyo aliyekosa nafasi mwanzo kwa alama anaweza kuikosa tena. Nafasi lazima ziwepo katika mwaka anaoomba kuingia. Maombi yana muda wake maalumu, ukipita umepita. Na alama nzuri za chuo cha mwanzo haziwi lazima zihesabiwe katika GPA ya chuo kipya. Hili ni la kuuliza kabla, hasa kwa aliyeanza vizuri.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa kila kijana ni hii: usikiache chuo ulichonacho mpaka uwe na barua ya chuo kipya mkononi, inayosema umekubaliwa, umewekwa mwaka wa ngapi, na masomo yako yapi yamehesabiwa. Ahadi ya mdomo ya mtu aliyeko ofisini si barua. Ukisitisha usajili kwa ahadi ya mdomo, unaweza ukajikuta huna chuo kabisa.

HAKI NNE ZA KUTAZAMWA

1. Haki ya mwenye kulipa.

Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini watimize mikataba. Mjomba aliyeko Muscat ametoa pesa kwa ajili ya chuo anachokijua, kwa ada anayoijua, kwa miaka anayoijua. Kuzigeuza pesa zake ziende chuo kingine bila ya kumwambia ni kuitumia amana kinyume na alivyokusudia mwenyewe. Huenda akikubali kwa furaha, huenda akasema hawezi kuongeza. Vyovyote vile, ni haki yake kuulizwa kabla.

Hukumu hii inawahusu pia wanaosomeshwa kwa michango ya msikiti, kwa sadaka ya mtu maalumu au kwa wakfu. Wanazuoni wametilia mkazo mno kuheshimu sharti la mwenye kuweka wakfu. Aliyepewa kwa sharti arudi kwa aliyempa.

Wenye mikopo nao, iwe ya Bodi ya Mikopo ya Zanzibar au ile ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, waiandikie bodi yao kabla ya kuhama, waulize kama mkopo utaendelea, kwa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Mwaka unaoongezeka ni deni linaloongezeka. Na deni si jambo dogo katika dini yetu: Mtume, rehema na amani zimshukie, alisita kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba.

2. Haki ya mzazi.

Mtu mmoja alikuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai, akasema ndiyo, basi akaelekezwa akajitahidi kwa kuwatumikia hao. Ikiwa hali ni hiyo katika jambo tukufu kama lile, kijana anayetaka kubadilisha chuo kwa shahada ile ile hawezi kumvuka mama yake kama kwamba hayupo. Akiondoka bila ya ridhaa yake huku akijua kuwa kuondoka kwake kutamtia mama katika shida, tunamkhofia dhambi.

Lakini na mzazi amche Allah. Kama manufaa ni ya wazi, pesa zipo na hakuna anayedhulumiwa, asimkatalie kwa hofu tu ya kuachwa peke yake, au kwa kuwa jirani kasema Dar es Salaam inaharibu watoto. Ridhaa ya mzazi ni haki, na haki haifai kutumiwa kumdhuru mtoto.

3. Haki ya ndugu.

Hapa ndipo familia nyingi husahau. Dada yake amemaliza Kidato cha Sita. Ikiwa mwaka wa ziada wa kaka utaila ada ya dada, basi jina la chuo cha kaka limenunuliwa kwa elimu ya dada. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa kumshuhudilia baba aliyempa zawadi mtoto mmoja akawaacha wengine, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Gharama za masomo hutofautiana na zawadi, kwa kuwa kila mtoto hupewa kwa kadiri ya haja yake. Lakini mmoja kurudia alichokwisha kusoma ilhali mwengine hajaanza, hilo mzazi ajiulize mbele ya Allah kama ni uadilifu.

4. Haki ya ukweli.

Ushauri wa rafiki yake, kwamba aombe upya na afiche kuwa alishasoma, ni ushauri wa haramu. Fomu ikiuliza kama uliwahi kusajiliwa chuo chochote, ukajibu hapana na hali uliwahi, huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, alimkana mwenye kudanganya. Karatasi ya maombi nayo ni bidhaa. Isifichwe unyevu chini.

Na hata kidunia ni ujinga. Mwombaji hutambulikana kwa namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, nayo haibadiliki. Chuo kikigundua kuwa taarifa ni za uongo kinaweza kumfutia udahili, na hapo atakuwa amepoteza huku na kule. Njia ya wazi ipo, aifuate hiyo.

IKIWA ANAYEHAMA NI BINTI

Wazazi huuliza pia kuhusu mabinti. Elimu ni haki yao kama ilivyo kwa wanaume. Lililobaki ni safari na makazi. Kuhusu mwanamke kusafiri bila ya maharimu wanazuoni wametofautiana. Wapo waliolikaza, na wapo waliolegeza penye njia ya amani na wenziwe waaminifu. Kila familia imuulize sheikh inayemuamini au Ofisi ya Mufti kwa hali yake mahsusi. Tunalosisitiza ni kwamba makazi yajulikane kabla ya safari: dakhalia ya wanawake au nyumba ya jamaa wa damu, si chumba cha kupangisha kitakachotafutwa baada ya kushuka botini.

SHAURI NA ISTIKHARA

Haya yote yakishatazamwa, familia ikae ishauriane, kisha kijana aswali istikhara, rakaa mbili zisizo za faradhi pamoja na dua yake mashuhuri. Baadhi ya vijana huswali istikhara usiku mmoja, wakaota jengo kubwa, wakasema Allah Ameshanichagulia. Istikhara si ndoto. Ni kumuomba Allah Akufanyie wepesi jambo likiwa na kheri na Akuepushe nalo likiwa na shari, kisha ukafuata sababu. Njia ikifunguka kwa halali, ni alama njema. Ikikataa kufunguka mpaka useme uongo, basi ushajibiwa.

TUNACHOMSHAURI MUULIZAJI

Dada yetu, usimwambie mwanao "hapana" leo, wala usimwambie "ndiyo". Mwambie afanye mambo matatu ndani ya mwezi mmoja. Kwanza, ampigie mjomba wake mwenyewe, kwa adabu, amweleze anachotaka na kwa nini. Pili, achukue matokeo yake ya mwaka wa kwanza, akiandikie chuo anachokitaka na apate jibu la maandishi kuhusu masomo yatakayohesabiwa na mwaka atakaowekwa. Tatu, aandike kwenye karatasi moja gharama za miaka iliyobaki huku na gharama za miaka itakayokuwa kule, na pembeni aandike ada ya mdogo wake.

Kisha mkae, yeye, wewe, mdogo wake, na mjomba kwa simu. Ikiwa masomo yake yamekubaliwa bila ya kupoteza mwaka, mjomba ameridhia na ada ya dada ipo, mruhusu na umuombee dua. Ikiwa atarudi mwaka wa kwanza na dada atakaa nyumbani, basi rai yetu ni kwamba abakie, amalize hapa kwa bidii. Ikiwa ni lazima apate jina la chuo kile, liko mbele yake: akimaliza kwa alama nzuri anaweza kuomba shahada ya uzamili huko huko, akiwa hana deni la haki ya mtu. Huko kutakuwa ni kuhama kama alivyohama Imam wetu, baada ya kumaliza kilichokuwepo.

Na wewe kijana unayesoma haya, wanaokucheka leo kwa jina la chuo chako hawatakuwepo chumbani siku utakapoulizwa na mwanafunzi wako wa kwanza swali la fizikia. Siku hiyo atajulikana aliyesoma.

Tunamuomba Allah Awape watoto wetu elimu yenye manufaa, Awafungulie njia za halali, na Awalipe kheri kina mama wanaowasomesha kwa sindano na karafuu. Amin.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.